Eshantiyo ya sauti: mashini inakamata, nani analipwa?

Kila mutu mwenye alishabeba mufuko wake mpaka ku depo anajua neno eshantiyo. Wanatoa kiganja kimoja cha mawe, wanakisaga, wanakipitisha mu mashini ya kupima, na kile kiganja ndicho kinasema bei ya mizigo yote. Kikichukuliwa vibaya, kazi ya juma nzima inaenda bure. Watoto wetu sasa wako na eshantiyo yao ingine. Wanakamata sauti: pigo moja la nyundo, neno moja la mama anayeita mutoto, kishindo kimoja cha mufuko unaoanguka chini. Wanaitia mu mashini yenye vifinyo 16, kisha wanaifinya kwa kidole mpaka inakuwa ngoma. Wafaransa wanaiita échantillonneur. Vijana wanaiita sampla. Tutasema sampla, juu ndiyo jina linalotembea mu kité.

Papa mmoja alituuliza mu mukutano: «Mutoto wangu anakaa usiku muzima anapiga ka-sanduku na vidole. Hii iko kazi ao iko muchezo?» Wengi walicheka. Siye hatukucheka, juu jibu lake linagusa mambo mbili zenye tunazijua vizuri sana: namna ya kutoa kitu chini ya udongo, na namna kile kitu kinauzwa mbali na mutu mwenye alikitoa.

Sampla haina sauti yake yenyewe. Gitare inatoka kiwandani na sauti ya gitare, balafo inatoka kwa fundi na sauti ya balafo. Sampla inatoka tupu kama kikapo. Unaitia sauti kupitia mikro ao kupitia kamba yenye kutoka ku redio. Mikro inageuza upepo wa sauti kuwa moto mudogo, kisha mashini inaupima ule moto mara mingi sana mu sekunde moja na kuandika kila kipimo kuwa namba. Ku diski ya CD ni mara 44,100 kila sekunde. Halafu kuko na ukubwa wa vipimo. Mashini ya biti 12 iko na ngazi 4,096 za kupima, ya biti 16 iko na 65,536. Ni kama bascule: ingine inaonyesha kilo tu, ingine inaonyesha mpaka gramu. Sauti ni ile ile, lakini bascule ya kilo inapoteza unga.

Mashini ya namna hii yenye ilijulikana mapema ilitoka Sydney, inchi ya Australia, mwaka wa 1979. Peter Vogel na Kim Ryrie ndio waliitengeneza, na jina lake ni Fairlight CMI. Bei yake ilikuwa bei ya nyumba, kwa hiyo iliingia tu mu studio za wakubwa. Mu 1987 kampuni ya E-mu ya California ilitoa SP-1200. Mu 1988 Akai ya Japani, pamoja na Mmarekani Roger Linn, walitoa MPC60, karibu dola 5,000. Zilikuwa bado ghali, lakini kijana wa New York mwenye kuunga makuta na wenzake aliweza kuipata, ao kuikodi kwa saa.

Tunapenda kukaa kidogo juu ya SP-1200, juu ndiyo inafundisha zaidi. Akili yake yote ilikuwa inabeba sekunde 10. Sekunde 10! Hazitoshi hata kusalimia mukwe. Na sauti moja haikuweza kupita sekunde 2 na nusu. Vijana wa New York walifanya nini? Walichukua diski ya zamani yenye kuzunguka mara 33 kwa dakika, wakaizungusha kwa mwendo wa 45. Muziki ukakimbia, ukawa mufupi. Wakaukamata hivyo mufupi, kisha mu mashini wakaurudisha polepole. Fanya hesabu: mu sekunde 10 waliingiza karibu sekunde 13 na nusu za muziki. Na mu kuurudisha polepole, sauti ikapata muchanga-muchanga, ikawa nzito na chafu. Ule uchafu watu waliupenda. Mpaka leo kuko mafundi wenye mashini za nguvu wenye kutafuta namna ya kuharibu sauti ili ifanane na ile ya sekunde 10. Mutu wa kariere hawezi kushangaa: mwenye hana vyombo anafundishwa na ukosefu.

Vifinyo 16 vya MPC60, mistari mine ya vine, vilibakia mpaka leo ku karibu kila mashini. Vinasikia nguvu ya kidole: ukigusa polepole inalia polepole, ukipiga inapiga. Mu Detroit, muji wa wafanyakazi wa motokari, kijana James Yancey, mwenye walimuita J Dilla, alipata jina kwa MPC3000 ya mwaka wa 1994. Mashini ile iko na fasi yenye kusawazisha mapigo: ukichelewa kidogo, inakurudisha ku mustari. Dilla mara mingi alikuwa anaizima. Aliacha ngoma zichelewe ao ziwahi kama vile mukono wa mutu unavyofanya. Alikufa mu 2006 na miaka 32, na mashini yake iko sasa mu miuze ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi, kule Washington.

Namna ya kukamata

Vijana wa kité yetu wako na sampla moja, ya okazio, yenye waliinunua watatu kwa kuchanga. Inaingia pile 6 za redio, na ile ndiyo ilitufurahisha kupita yote, juu delestaji haiombe ruhusa. Mashini za zamani ziko na ugonjwa moja: moto ukikatika mbele hujahifadhi ku disketi, akili yote inafutika. Tulisema nao: hifadhi kwanza, furahi kisha.

Kile tulichokiona kwao tunakiandika hapa, juu mutu anaweza kujifunza.

Kwanza wanatega kipimo cha kuingia. Wanaomba mutu apige nyundo kwa nguvu yake yote, wanaangalia taa. Taa nyekundu ikiwaka, wanapunguza. Ku kaseti ya zamani sauti ikipita mupaka inakwaruza kidogo tu na unasamehe. Ku mashini ya namba, sauti yenye inapita mupaka inakatwa kichwa, na hakuna dawa ya kurudisha kichwa. Ni vizuri iingie chini kidogo, utaipandisha kisha. Lakini ikiingia chini sana, ukipandisha unapandisha na kelele za mashini pamoja.

Pili wanaiambia mashini ingoje. Wanaweka kizingiti, na mashini haianze kukamata mpaka sauti ivuke kile kizingiti. Pale pale nyundo inapiga, inaanza. Tatu wanakata. Hapa ndipo kazi yenyewe. Ukiacha mbele ya pigo kimya cha sehemu moja juu ya ishirini ya sekunde, macho haioni kitu, lakini mwili wa mwenye kucheza unajua: ngoma imechelewa. Wanakata mpaka pigo linaanza ku mulango wenyewe. Ku mukia wanaacha sauti ife yenyewe, juu ukiikata haraka inalia kama mulango unaofungwa na upepo.

Halafu wanaishusha ao kuipandisha. Nyundo juu ya chuma, ukiishusha chini sana, inageuka ngoma kubwa ya tumbo. Tamis yenye mawe madogo, ukiikamata kwa mwendo mufupi, inafanya kazi ya mukwanza. Mufuko unaoanguka unapiga chini kama mutu anayetua muzigo, na ndivyo iko. Wanakamata pigo moja mara tatu, la nguvu, la katikati na la polepole, juu pigo moja lenye kurudiwa bila kubadilika linachosha sikio. Mikro wanaifunga na kitambaa juu ya upepo. Na wakimaliza wanakamata kimya cha ile fasi, dakika moja ya hakuna kitu. Tuliwauliza kwa nini. Kijana moja akajibu: «Papa delege, kimya cha kariere haiko sawa na kimya cha nyumba.» Tulinyamaza kidogo.

Jambo moja tulikatalia kabisa. Walitaka kushuka mu shimo na kofia za masikio kichwani ili wapate sauti ya ndani. Hapana. Mu shimo sikio ndilo linakuambia udongo umeanza kusema. Mwenye amefunga masikio ili asikilize mikro hasikie mulio mudogo wa mwanzo, na ule mulio mudogo ndio uliwaokoa wengi wetu. Sauti ya shimo ikamatwe kwa juu, ao ikamatwe na kamba ndefu, ao ikose.

Na tuseme hili pia, hata kama linaharibu sherehe. Ile sauti ya mashini ya kutoboa mawe, yenye vijana wanaitafuta kama feza, ndiyo iliharibu masikio ya papa zao. Waganga wa kazi wanasema desibeli 85 kwa saa 8 ndiyo mupaka, na ile mashini ya kutoboa inapita pale mbali sana. Mu vikao vyetu wazee wanaongea kwa nguvu, na vijana wanafikiri ni hasira.

Sekunde sita za Washington

Sasa tuingie mu hesabu ya malipo, juu ndiyo ilitufanya tuandike.

Mu 1969 kikundi kimoja cha Washington, The Winstons, kilitoa diski ndogo. Upande wa kwanza ulikuwa «Color Him Father», na uliuzwa vizuri. Upande wa pili walijazia tu: muziki bila maneno, jina lake «Amen, Brother». Katikati ya ule muziki wengine wananyamaza, na mupiga ngoma Gregory Coleman anapiga peke yake, mistari mine, karibu sekunde 6. Kisha wote wanarudi. Kikundi kikaachana, diski ikasahauliwa.

Wakati sampla zilifika, vijana wa New York walipata zile sekunde. Kisha vijana wa Uingereza nao. Uingereza waliikata vipande-vipande, waliipigisha mbio, waliigeuza mbele nyuma, na miaka ya 1990 aina nzima ya muziki, jungle, ilijengwa juu yake. Leo ile ngoma iko mu maelfu ya nyimbo, mu matangazo, mu filme. Wanasema ni moja ya sauti zenye zilikamatwa mara mingi kupita zote mu dunia.

Coleman alipata nini? Hakuna. Alikufa mu 2006, mu umasikini. Richard Spencer, mwenye alikuwa mukubwa wa kikundi na mwenye haki ku karatasi, alijua tu mu 1996, wakati kampuni moja ya Uingereza ilimupigia simu kutafuta bandi za mwanzo. Wakati ule miaka yenye sheria inaruhusu kushitaki ilikuwa imeshapita. Mu 2015 wapiga diski wawili wa Uingereza walichangisha watu ku intaneti na wakamupatia karibu pauni 24,000. Ilikuwa zawadi, haikuwa mushahara. Angalia tofauti, wakamaradi: zawadi inaomba useme asante.

Na Clyde Stubblefield, mupiga ngoma wa James Brown, vilevile. Ngoma yake ya «Funky Drummer» ilikamatwa mara mingi sana, lakini ku karatasi mutungaji ni James Brown. Stubblefield alipiga, mwingine akaandikwa.

Kuko mwenye alipigana. Manu Dibango wa Kameruni, mwenye wazee wetu wanamukumbuka alipopuliza saksofoni na African Jazz ya Kabasele, alitoa «Soul Makossa» mu 1972. Miaka kumi kisha, Michael Jackson aliimba kipande chake mu diski ya Thriller. Pale haikuwa mashini, waliimba upya kwa mudomo, lakini mali ni mali. Dibango alidai na walipatana kwa malipo. Kisha mu 2007 Rihanna akachukua ile ile kutoka kwa Jackson, na Dibango akarudi tena mbele ya tribunali, Paris, mwaka wa 2009. Ukiona mutu wa mbali anapeleka madai yake mpaka kule, ujue alikuwa na karatasi.

Wamarekani wenyewe walishituka tarehe 17 Desemba 1991. Tribunali ya New York ilikata kesi ya mwimbaji Biz Markie, mwenye alikamata kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Juji alianza hukumu yake na amri ya Biblia yenye kukataza kuiba. Toka siku ile kampuni kubwa zinaomba ruhusa mbele ya kutoa diski, na wale wasio na makuta ya kulipa ruhusa walirudi kutafuta sauti zenye hakuna mwenye kudai. Hapa ndipo tunaamka, siye. Sauti zenye hakuna mwenye kudai, mara mingi ni zetu.

Mu 1952 Hugh Tracey alipita huku Katanga na mashini yake ya kukamata sauti. Ku Jadotville, Likasi ya leo, alimupata Mwenda Jean-Bosco na gitare yake, na «Masanga» ikatembea dunia. Tunashukuru alipita, juu bila yeye tungekuwa na hadisi tu. Na pale jina la Mwenda liliandikwa. Lakini wangapi walipigwa mikro mu kambi za wafanyakazi, ku matanga, ku kanisa, na ku kaseti kukaandikwa tu «chant de travailleurs»?

Inchi yetu iko na sheria: ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, yenye kulinda haki ya mutungaji na haki za wale wenye kuimba na kupiga. Watu wachache wanaijua. Kama pigo moja la nyundo ni kazi ya sanaa, waavoka waendelee kubishana. Sauti ya mutu, ile haina ubishi kwetu.

Mama alimusikia mu bare

Mwaka uliopita kijana moja, hatutaje jina, alikamata mzee wa kité akiitia wenzake kazi, ile miito ya kusukuma pamoja yenye vijana hawaijue tena. Mzee alifanya kazi miaka 31. Alipenda ile mikro, aliita mpaka akakohoa. Miezi mine kisha akafariki. Kijana, bila ubaya, alikata neno moja la mzee, akalipandisha juu, akalirudia mara 8 mu wimbo wa kucheza. Wimbo ukapita mu simu, kutoka simu ukaingia mu bare.

Mama muzee alikuwa anapita na ndoo yake. Akasimama. Ndoo ikabakia kichwani mpaka wimbo ukaisha.

Alikuja kwetu ku biro kesho yake, hakulia. Alisema: «Bwana yangu niko namusikia mu bare, lakini mu nyumba haiko. Nani aliwapa ruhusa ya kumuchukua?»

Tulimuita kijana. Alikuja na sampla yake chini ya mukono na uso wa mutu anayengoja faini. Mama hakuomba faini. Aliomba kusikia yote. Basi kijana akaweka ile ya kwanza yenye haikukatwa, dakika 4, na kikohozi ndani, na kicheko cha mzee ku mwisho, na mbwa wa jirani. Mama alisikiliza mara tatu. Kisha akasema kile kikohozi kisifutwe. Juu ya ule wimbo wa bare, akasema uendelee, lakini jina la bwana wake lisemwe mwanzoni, na sehemu yake ije.

Kutoka pale tuliandika karatasi. Si ya avoka, iko ya ukurasa moja, kwa Kiswahili. Inaandika jina la mwenye sauti, jina la mwenye mashini, tarehe na fasi. Inasema mwenye sauti anasikia wimbo mbele haujatoka, na anaweza kukataa. Inasema anapewa kopi ya sauti yake muzima, ku kadi ao ku simu ya mutoto wake. Ku makuta tulibishana mikutano mbili. Vijana walisema mwenye mashini analipa pile, studio na usiku bila usingizi. Wazee walisema bila nyundo hakuna pigo. Tuliishia ku tatu juu ya kumi kwa sauti yenye inabeba wimbo, na moja juu ya kumi kwa sauti yenye inapita tu. Wenye kuchambua mawe ku mutoni, wamama wenye kuimba wakichambua, waliomba wahesabiwe kuwa mutu moja na sehemu iingie mu likilimba yao. Walikubaliwa bila ubishi, na kusema kweli walikuwa wamekuja na hesabu yenye ilipikwa vizuri kupita yetu.

Mpaka leo wimbo wa mzee umeingiza franga 46,000, mingi kutoka kwa ndoa mbili. Mama alipokea sehemu yake mbele yetu, franga 13,800, akahesabu, akatia alama ya kidole ku karatasi. Kisha akamuuliza kijana kama ile mashini inaweza kukamata na sauti yake yeye, lakini siku ingine, siku yenye hatakuwa na ndoo.